Kabati la Tatu

Sanamu zililetwa na punda, mbili mbili,
zimefungwa kamba kiunoni, hazina vichwa.
Watoto wa Mkomani wakatimka wakipiga mayowe,
mimi nikabaki mlangoni na kitabu cha risiti
nikizihesabu kama mahari: kumi na moja,
moja imevunjika bega.

Nyumba ya Bi Mwanamkuu sasa ni makumbusho.
Pale alipopokea wateja pana meza ya tikiti.
Vidaka alivyopanga vikombe vya kahawa
vimekaliwa na subana, chaki, mkasi uliopinda ncha,
kila kimoja na kikaratasi chake,
na kila kikaratasi kimeandikwa na kijana mwenye kompyuta
ambaye hajawahi kuchomwa na sindano.

"Mwaka wa sabini na tisa alivumbua buibui la marinda."
Hakuvumbua.
Mteja alirudi mnene kuliko vipimo vyake,
tukapachika kipande ubavuni, kikajikunja kama kipepeo cha ukili,
na wanawake wa Langoni wakasema: na mimi nishonee hilo.
Wiki tatu hatukulala.
Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Kazi yangu ilikuwa pindo.

Miaka kumi na tisa ya pindo.
Yeye alikata, na kukata ndiko kunakoandikwa.
Akiita kutoka juu, karabai inavuma:
"Ndoo untungie uzi, mato yangu hayaoni tundu."
Nami napanda, natunga, nashuka.
"Nguo haina mwisho," akisema, "ina pindo.
Na pindo hufumuliwa."
Nilidhani anazungumzia nguo.

Kabati la tatu, nyuma ya kioo,
gauni la rangi ya komamanga bivu,
darizi ya fedha kifuani, mikono ya melimeli.
"Vazi la bibi harusi. Mvaaji hajulikani. Usiguse."

Anajulikana. Ni Sauda binti Bwanaheri,
anauza mofa nyuma ya soko.
Alikuja Alhamisi, akalipa kiingilio kama mgeni,
akasimama mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi zake.
"Kesho ni kupamba kwa binti yangu," akasema.
"Hili niliwaazima siku tatu, kwa maonyesho.
Mwaka wa pili huu."
Hakunung'unika. Alisema kama anayeomba chumvi kwa jirani.

Funguo ziko kiunoni mwangu.
Kijana wa kompyuta alikuwa Mombasa.
Nilifungua, nikapitisha kidole ndani ya pindo la kushoto,
pale ninapopajua peke yangu:
mishono saba mifupi, wa nane mrefu,
sahihi ya msichana aliyekuwa hajui kuandika.
Nikalikunja ndani ya leso, nikampa.
Akataka nimwandikie risiti. Nikamwandikia.

Siku mbili sanamu ile ilisimama uchi.
Mgeni mmoja aliipiga picha,
akatikisa kichwa taratibu, kama ameelewa.

Gauni limerudi Jumapili.
Lina doa la biriani penye kiuno,
lina udi, lina majani ya kikuba yaliyonyauka kolani,
lina jasho la binti, na kwapani mshono umeachia
upana wa vidole viwili,
kwa kucheza.
Kijana akiuliza nitasema panya.
Doa sitaliosha.

Kwapa nimelishona usiku, kwa taa ya simu.
Uzi ulinikataa mara moja, mara tatu, mara tano,
nikaulamba, nikausokota, tundu likahama.
Nikataka kuita mtu aje anitungie.
Mle ndani walisimama kumi na mmoja,
wamevaa vizuri,
hakuna mwenye macho.